Hilux 22R: mlio miezi mitano, mafundi watatu wamekula hela yangu na hakuna aliyetega sikio

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Nimetoa laki nane na ushee kwa mafundi watatu hapa Iringa, gari likazidi kuharibika mikononi mwao, na ugonjwa wenyewe ulionekana kwa tochi ndani ya robo saa. Nataka kila mwenye pikapu ya zamani asome hii kabla hajatoa hela yake.

Gari ni Hilux ya mwaka 1990, injini 22R ya petroli, ile ya cc 2366 yenye kabureta. Ninayo tangu 2016. Kazi yake ni vitunguu: napakia magunia Ruaha Mbuyuni, napanda nayo Kitonga, nashusha Iringa mjini. Haijawahi kunilaza njiani. Anayeijua 22R anajua, bloku ni chuma kitupu, ukiitunza kwa oili na maji inadumu. Kwa hiyo fundi akiniambia "gari la zamani ndivyo lilivyo bosi, zoea", namwona ameshindwa kazi na hataki kusema.

Mlio ulianza mwezi wa tano. Asubuhi, injini imelala na baridi ya usiku kucha, nikipiga stata inatoka kratatatata, kama kopo lenye misumari likitikiswa. Sekunde tatu, nne, halafu kimya. Mchana kutwa husikii kitu. Kufika mwezi wa sita zile sekunde zikawa kumi, kisha ukaanza kusikika hata injini ikiwa ya moto, hasa nikiachia mafuta kwenye mteremko. Unatoka mbele, upande wa feni. Nilikuwa naandika kwenye daftari langu la mizigo: tarehe, saa, imelia muda gani, ilikuwa ya moto au baridi. Nililipeleka kwa kila fundi. Hakuna hata mmoja aliyelifungua.

Wa kwanza hakuzima hata redio ya gereji. Akaniambia nipige resi, akatikisa kichwa, "hizo tapeti bosi". Tapeti ni ule mwanya mdogo kati ya valvu na roka, kimkono kinachoisukuma; za 22R zinapimwa injini ikiwa ya moto, za kuingiza hewa 0.20 mm, za kutolea moshi 0.30 mm, na kipimo chake ni vile vibati vyembamba ambavyo fundi yeyote anapaswa kuwa navyo kwenye boksi lake. Huyu alizirekebisha injini ikiwa baridi, kwa kutikisa roka kwa vidole. 45,000 pamoja na gasketi ya kava. Kesho yake asubuhi, kratatatata ile ile.

Kinachoniuma kuhusu huyu nimekijua baadaye. Alikuwa ameshafungua kava la tapeti! Cheni ya taimingi, ile inayoendesha valvu za injini, ilikuwa mbele ya macho yake. Angeinamisha kichwa kidogo na kuchungulia shimo la mbele, pale cheni inaposhuka, angeliona tatizo siku hiyo hiyo mwezi wa sita, kabla halijala kitu kingine.

Wa pili aliniambia oili yangu ni nyepesi. Akamwaga, akaweka nzito zaidi na kichupa cha dawa ya kuzuia kelele, akafunga na filta mpya ya bei ya chini kabisa. 95,000. Mlio wa asubuhi ukaongezeka. Sasa naelewa kwa nini, na nitaeleza, maana hili linawapata wengi. Cheni ya taimingi ya injini hii inakazwa na tenshena inayosukumwa na presha ya oili. Usiku oili inashuka. Filta nzuri ina kijiraba ndani kinachozuia oili isirudi yote kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini; filta duni haina au inacho cha kubabaisha. Sasa jumlisha: filta tupu, oili nzito, baridi ya Iringa ya mwezi wa saba. Oili inachelewa kufika kwenye tenshena, na muda wote huo cheni iko legevu inajipiga kushoto na kulia. Kwa hiyo alichokifanya ni kuipa cheni muda mrefu zaidi wa kujipiga kila asubuhi, kisha akanidai hela.

Wa tatu ndiye aliyenifanya niandike. Huyu anaheshimika, gereji yake ina magari mpaka barabarani. Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akasema beringi za konrodi, ile mikono inayoshika pistoni, zimekwisha, nikiendelea kuendesha konrodi itatoboa bloku. Nilipagawa. Nikamwuliza, mbona konrodi hugonga kwa sauti nzito injini ikibeba mzigo, na huu wangu ni mwepesi na unakuja nikiachia mafuta? Akaniambia, "Bosi, wewe uza vitunguu, injini niachie mimi."

Hakuchomoa waya wa plagi hata mmoja. Kipimo cha bure kabisa kile: injini ikiwa silensa, yaani inanguruma bila kukanyaga mafuta, unakata plagi moja moja, konrodi ikiwa mbovu kelele ya silinda ile inapungua au inabadilika. Dakika mbili. Yeye alishusha sampu moja kwa moja, na kwenye pikapu ya foo wili kushusha sampu ni shughuli ya siku nzima. 680,000, spea na ufundi. Beringi za zamani nilipoziomba nikaambiwa zimeshatupwa.

Nikawasha. Kratatatata.

Nikamrudia, akasema injini inataka kufunguliwa yote, niandae milioni moja na laki nane. Nikaondoka bila kuaga. Nimefika kwenye geti, kijana mmoja pale, anayejifunza kazi, akanifuata akijifanya anakwenda dukani. "Kaka, samahani. Siku ile tuliposhusha sampu vilikuwemo hivi." Akanitolea mfukoni kipande cha plastiki ngumu, rangi ya kahawia iliyoiva kwa oili, ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Upande mmoja umevunjika, upande wa pili una mifereji miwili laini, imechimbwa sambamba kama njia ya reli. Akasema vilikuwa vingi, kama kiganja kizima, na mkubwa wake alivimwaga pamoja na mafuta ya taa aliyooshea sampu. Kijana aliuliza ni nini. Akaambiwa aache maswali, afute spana.

Ushahidi wote wa ugonjwa ulikuwa umekusanyika chini ya injini, ameushika kwa mikono yake, akaumwaga mtaroni. Halafu akanifungia beringi mpya.

Na muda huo wote gari lilikuwa linajila. Wiki mbili baadaye maji ya rejeta yakaanza kupungua bila kuvuja popote. Nikachomoa kijiti cha oili: chai ya maziwa. Hapo nililiegesha. Magunia yangu yalikaa Ruaha Mbuyuni siku tisa nikitafuta gari la kukodi, na kitunguu kilichofungiwa guniani kwa joto la kule hakisubiri mtu.

Jirani akanipeleka kwa mzee mmoja anayefanyia kazi nyumbani kwake, chini ya mwembe, hana hata kibao cha gereji. Nilivutwa na kamba mpaka kwake. Nikampa daftari. Alivaa miwani akalisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, nikiwa nimesimama. Maji yakiwa ndani ya oili hakukubali kuiwasha zaidi ya sekunde chache. Kwanza alivua mikanda ili alternata na pampu ya maji visizunguke, akawasha: mlio upo. Kwa hiyo si beringi za vitu vya nje. Akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye kava la taimingi, mpini sikioni. Akazima. Akafungua nati za kava la tapeti, akamulika shimo la cheni, akaniambia, "Njoo uchungulie mwanangu."

Upande wa kulia kibao cha kuongozea cheni kilikuwepo. Upande wa kushoto hakipo. Bolti zipo, kibao hakuna. Ndani ya kava la alumini cheni imechimba mfereji, na mfereji umetoboa mpaka kwenye njia ya maji.

Mzee akanieleza kwamba 22R za mwanzo zilikuwa na cheni ya safu mbili. Miaka ya 1980 Toyota wakahamia cheni ya safu moja na vibao vya plastiki, na plastiki ikishakomaa kwa joto inakatika. Ni ugonjwa unaojulikana dunia nzima. Wamarekani wanaandika kila siku kwamba kinachovunjika ni kibao cha upande wa dereva. Wao usukani uko kushoto, kwa hiyo kwetu ni upande wa abiria; usije ukachungulia upande usio wake ukajiona uko salama.

Spea nazo ni vita nyingine. Duka la kwanza waliniuzia seti "orijino" kwa 240,000. Mzee alipolifungua boksi akakipinda kibao kwa vidole: plastiki tupu, haina chuma mgongoni. Vinavyofaa ni vile vyenye mgongo wa chuma. Nimerudi dukani nikaoneshwa karatasi ukutani, mali ikishauzwa hairudishwi. Nimenunua nyingine kwingine, na kava jipya, na oili ya kumwaga mara mbili kusafishia maji. Ufundi wa mzee ulikuwa 150,000, na hapo aliifanya kazi kwa siku mbili, pamoja na ile bolti iliyojificha ndani ya hedi, chini ya dimbwi la oili mbele ya kemshafti, ambayo mafundi wengine wakiisahau wanavunja kava kwa kulibandua kwa nguvu. Vibao vilivyovunjika na cheni ya zamani alinifungia kwenye gazeti bila mimi kuomba.

Gari linawaka asubuhi kimya. Lakini mzee amenionya kwamba oili yenye maji imepita kwenye beringi zote, hata hizo mpya za 680,000, na hawezi kuniahidi zitadumu muda gani.

Mwenye 22R inayolia asubuhi, fungua kava la tapeti, mulika kushoto, upande wa abiria. Kama fundi wako hataki kufanya hivyo mbele yako, ondoa gari lako pale.

Yule wa tatu nimempigia mara nne anirudishie angalau hela ya ufundi, anasema beringi alizofunga ni nzima na kazi aliyoniambia ameifanya. Kijana namlinda, sitamtaja popote. Jumatatu saa tatu asubuhi mwenyekiti wa mtaa ametuita wote wawili. Nitakwenda na daftari, na lile gazeti la mzee.