Kimya cha Kiamunyi

*Kikundi: KWA MZEE WEBUYE 🏡*

Jumapili

Nafula: Jamani hamjambo huko. Hizo picha saba ni za nyumba tuliyoenda kuona leo na mume wangu, Baba Cheptoo. Iko Kiamunyi hapa Nakuru, unashuka barabara ya Ravine halafu unaingia ndani dakika kumi kwa miguu. Vyumba vitatu, ploti 50 kwa 100, na kijumba kimoja huko nyuma. Wanataka milioni 8.2.

Nafula: Na kimya! Barabara inaishia pale pale, hakuna gari la kupita. Nilisikia ndege wakilia mtini. Na mnajua nimelala juu ya klabu hapa Free Area miaka sita.

Nanjala: Woiye hiyo jakaranda 😍 iko ndani ya ua ama nje?

Nafula: Nje, lakini kivuli kinaanguka kwetu.

Barasa: "Kwetu." Hata shilingi haijatoka 😂

Baba: PICHA NI NZURI. HATI UMEIONA AU UMEONYESHWA NAKALA

Nafula: Nakala, Baba. Dalali alikuwa nayo kwa simu.

Baba: NAKALA HATA MIMI NAWEZA KUWA NAYO YA UWANJA WA NDEGE

Senge (shangazi) Anjelina: Kaka, toa hizo herufi kubwa, unatupigia kelele.

Baba: SIJUI ZINATOLEWA WAPI. NANJALA NDIYE ALIZIWEKA

Barasa: Nafu, hiyo barabara inayoishia pale, ni barabara kweli? Usinijibu kwa macho. Nenda uitishe ramani ya eneo kwa masajala ya ardhi uione imechorwa. Mimi hapa Mamboleo, Kisumu, nilinunua ploti yenye "barabara" nzuri, watoto wakicheza mpira. Mwaka wa pili mwenyewe akaja na mawe na fundi. Ilikuwa ploti ya mtu. Leo naingilia kwa jirani kama mwizi wa kuku.

Senge Anjelina: Na tulikuambia.

Barasa: Senge, hamkuniambia. Mlikuja kula mbuzi mkasifu upepo wa ziwa.

Jumanne

Nafula: Sachi ya hati kwa masajala ya ardhi imetoka. Jina kwa hati ni la huyo mzee anayeuza, sawa. Ukubwa sawa. Lakini hati iko rehani, benki ilimkopesha na deni halijaisha. Dalali hakusema hata neno.

Baba: DALALI HALIPWI KUSEMA

Barasa: Rehani peke yake si mwisho wa dunia. Wakili wako anaandikiana na benki, deni linalipwa kwanza kutoka kwa hizo pesa zenu, benki inaachilia hati, mzee anapata kinachobaki. Shida ni ukimpa mzee pesa mkononi halafu benki ije ipige mnada ukiwa unapaka rangi.

Baba: HATA SENTI MOJA ISIPITE MKONONI MWAKE. PIA CHAI ASIPEWE

Nafula: Kingine. Wakili anataka sahihi ya mke wake. Mzee anasema mke yuko Saudia kazini, tumwache, nyumba ni ya jina lake yeye.

Senge Anjelina: 👀

Senge Anjelina: Mke huyo anajua nyumba inauzwa?

Nafula: Ndilo wakili aliuliza. Sheria ya mali ya ndoa ya 2013 inasema nyumba ya ndoa haiuzwi bila mwenzako kukubali, jina liwe la nani. Kama yuko Saudia, ubalozi uko, atie sahihi huko iletwe.

Senge Anjelina: Huyo wakili ni wa nani? Nampenda.

Nanjala: Na 8.2 ndiyo yote ama kuna zingine?

Nafula: Usiniulize nikiwa sijala. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 kwa sababu ni mjini, ingekuwa shamba huko ndani ni 2. Hiyo ni 328,000. Na hawaangalii bei yetu tu, mthamini wa serikali akisema nyumba ni ya zaidi, tunalipia hiyo yake. Wakili naye bado. Mzee naye anang'ang'ana tumsaidie ile kodi yake ya faida, eti ilipanda kutoka 5 hadi 15 mwaka wa 2023.

Baba: KODI YA MUUZAJI NI YA MUUZAJI

Barasa: 👆🏾

Jumatano

Barasa: Nafu umerudi kule? Hizo picha zako ni za maua na jikoni. Nataka kuta.

Nafula: *[picha 11]*

Barasa: Hizi mbili za sebuleni ni plasta tu, ufa wa plasta unakaa juu juu kama utando. Ile ya chumba cha nyuma, inapanda mshazari kutoka kona ya dirisha? Inatokea hadi nje?

Nafula: Nje haionekani. Nilipitisha kucha.

Barasa: Sawa. Lakini muulize jirani, si mwenye nyumba, kama mvua kubwa ikinyesha ardhi inabonyea. Upande huo wa Nakuru chini ni jivu la volkano ya Menengai. Maji yakipata njia ndani, yanakula polepole, siku moja shimo linafunguka mahali palikuwa na kamba ya nguo.

Nanjala: Na maji ya kunywa? Bomba ama kisima?

Nafula: Bomba linakuja mara mbili kwa wiki. Siku zingine wanafungulia ya kisima cha mtaa.

Nanjala: Kisima, ngoja. Visima vya Bonde la Ufa vina floridi. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi huku kwetu vinapita hapo. Kuchemsha hakuitoi. Inataka kichujio cha mkaa wa mifupa, kile Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilieneza. Ama mfunge tangi kubwa mkinge ya mvua.

Baba: ANGALIA MENO YA WATOTO WA HAPO MTAANI. HAYO NDIYO MAABARA

Nafula: Baba nitaambia watoto wa watu wacheke niwaangalie?

Baba: WAPELEKEE PEREMENDE

Ijumaa

Mama: 🎤 *(sauti, dakika 4:52)*

Barasa: Niko juu ya jukwaa na saruji inakauka, nani atusikilizie.

Nanjala: Sawa, kwa wale mko kazini. Mama anasema kliniki ya macho imeenda vizuri, daktari amempa dawa ya matone, amerudi kwa Senge, mtaa wa Shabab. Baadaye wao wawili wakapanda matatu wakaenda Kiamunyi bila kuambia mtu.

Nafula: MLIENDA NINI?

Nanjala: Ngoja sijamaliza, anakohoa. Wamenunua sukuma na nyanya kwa mama mboga wa pale kona. Wakajifanya wanatafuta nyumba ya kupanga. Mama mboga ameuza hapo miaka tisa. Anasema mahali hapo hapabonyei, kulikobonyea ni kule chini karibu na mkondo wa maji. Watoto meno yao ni meupe isipokuwa wa nyumba mbili za mwisho, wanaokunywa ya kisima peke yake. Mwenye nyumba ni mtu wa watu, hana deni kwa kibanda. Mke wake anajua inauzwa, alipigia mama mboga simu akamwambia, wanataka kuhamia Kitale.

Barasa: Mama mboga moja amefanya kazi ya wakili, mthamini na masorovea wawili.

Nanjala: Halafu mwishoni anasema, "mwambieni Nafula alikuja kuona nyumba Jumapili saa kumi, kwa nini dalali hakumleta Ijumaa usiku." Na anacheka. Hapo ndipo sauti inakatika.

Nafula: Ijumaa usiku kuna nini?

Nafula: Mama?

Nafula: Senge?

Senge Anjelina: 🎥 *(video, sekunde 38)*

Barasa: Hiyo ni nini, harusi?

Senge Anjelina: Ni kesha. Ploti ya nyuma ya hiyo jakaranda yenu, kanisa la mabati. Spika nne. Kila Ijumaa, kutoka saa tatu usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Sisi bado tuko hapa. Mahubiri ni mazuri sana.

Nafula: 😭😭

Nafula: Nimemwonyesha Baba Cheptoo hiyo video. Ameenda kusimama nje.

Barasa: Kuna kanuni za kelele za 2009, mnaweza kuandikia NEMA, wale wa mazingira.

Senge Anjelina: Barasa, watu hata hawajahamia unataka waanze kushtaki wacha Mungu? Watawaombea mpaka mhame.

Jumamosi

Nafula: Tumeongea usiku mzima, na si kupenda, klabu ilikuwa na bendi. Baba Cheptoo amepiga hesabu. Hapa tuna kelele siku saba. Kule ni usiku mmoja. Amempigia mzee asubuhi, akamwambia tumelisikia kanisa. Mzee akanyamaza. Kisha akasema 7.6.

Barasa: Laki sita kwa kesha! Hao waumini wapewe sadaka.

Nafula: Asilimia 10 tunaweka kwa akaunti ya mawakili sahihi ya mke ikifika, siku 90 kumaliza. Sacco ya Baba Cheptoo inampa mara tatu ya akiba, inayobaki tunauza ile ploti ya Molo.

Baba: VIZURI. KILE KIJUMBA CHA NYUMA KINA MLANGO WAKE

Nafula: Kina mlango wake na choo chake. Tulidhani tutapangisha mwanafunzi. Kwa nini?

Baba: MAMA YENU AMENIULIZA NIULIZE

Nanjala: 🤭

Senge Anjelina: Mama yenu jana amepanda mpaka madhabahuni. Anasema kila akija kliniki atakuja Ijumaa, akeshe, alale kidogo, Jumapili apande gari la Webuye.

Nafula: Senge, si mwiko? Mama alale kwa mkwe wake?

Senge Anjelina: Ndani ya nyumba, mwiko kabisa. Hata kiti cha mkwe asikalie. Ndiyo maana analala kwangu, na kwangu kitanda kimeanza kulia. Lakini kijumba chenye mlango wake... sijui. Wazee wa zamani hawakuwa na vijumba vya nyuma.

Baba: UA NI WA MKWE. UKIINGIA GETI UMEINGIA KWAKE

Barasa: Basi alipe kodi. Mia moja kwa mwezi, na risiti. Hapo si mama mkwe aliyelala kwa mkwe, ni mpangaji na mwenye nyumba. Nani alisema mpangaji ana mwiko?

Senge Anjelina: 😂😂😂 Huyu mtoto.

Nafula: Baba Cheptoo amesoma hii begani mwangu. Amekaa chini.

Baba: HIYO YA BARASA NAIFIKIRIA

Mama: 🎤 *(sauti, sekunde 5)*

Nafula: Nanjala, Mama anasema nini? Niko kwa matatu sisikii.

Nanjala: Anauliza depositi ni ya miezi mingapi.