Mrejesho: vifaa vya mkono vya karakana ya nyumbani

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati. Niliuliza ni vifaa gani vya mkono ninunue kwanza ili niweze kutengeneza rafu na kurekebisha milango nyumbani, na wengi wenu mlinishauri nichukue vichache vilivyo imara. Nimenunua msumeno, nyundo ya kung'olea misumari, tepu ya kupimia, skwea (ya kupimia pembe mraba), randa na patasi mbili (za kuchongea mbao), yenye upana wa milimita 12 na ya milimita 25.

Ushauri ulionisaidia kuliko wote ni ule wa jiwe la kunolea, kwa sababu mbao ngumu kama mninga hupunguza makali. Nanoa patasi kwa mwinamo wa nyuzi 30 hivi, nikisugua hadi kidole kihisi ukingo mwembamba wa chuma unaokwaruza upande wa mgongo, yaani upande bapa wa patasi, kisha naulaza mgongo huo juu ya jiwe ili kuondoa ukingo huo. Patasi iliyonolewa hivyo hukata hata ncha ya ubao bila kuichana. Jiriwa, kifaa cha kubana ubao mezani, bado sijanunua, na kwa maoni yangu anayeanza anaweza kuisubiri, mradi awe na klampu mbili na meza nzito. Mlango wa jikoni uliokuwa ukikwama nimeupiga randa ubavuni, na sasa unafunga bila kusukumwa.