Adapta za bei poa zinazocheza: kunyanyua springi, kupaka rangi ya kucha au kununua nyingine?

Kipepeo_Mwanza:
Habari zenu wakuu. Nina kamera ya Sony A7 na lenzi mbili za zamani za Nikon, za milimita 28 na 50, nimeachiwa na mjomba. Adapta niliyonunua ya kuunganishia lenzi hizo na kamera ni ile ya chini kabisa, haina umeme, ni bomba tupu la alumini. Lenzi inaingia na kufunga, lakini nikizungusha ringi ya fokasi picha inaruka kidogo kwenye skrini kabla fokasi yenyewe haijasogea. Kwenye video ni aibu. Nasikia wengine wananyanyua springi, wengine wanabandika tepu, wengine wanasema tupa ununue ya maana. Mnanishauri nini?

Fundi_Mitambo:
Mkuu, kwanza jua inacheza wapi. Shika kamera na adapta, tikisa. Halafu shika adapta na lenzi, tikisa. Angalia pia inacheza vipi: inazunguka kushoto na kulia, au inayumba juu na chini? Ya kuzunguka inatokana na pini ya kufungia kuwa nyembamba kuliko tundu lake. Ya kuyumba ni springi kulegea. Wanaokimbilia tepu bila kupima wanang'oa jino lisilouma.

Mzee_wa_Helios:
Fundi kasema kweli. Naongezea la springi, maana ndilo ninalolifanya mara kwa mara. Fungua skrubu za ringi ya mbele ya adapta, pale lenzi inapoingia. Chini yake utakuta vipande vyembamba vya chuma vilivyopinda. Kazi yake ni kuyasukuma masikio ya lenzi (yale meno ya kitako chake yanayoifunga) kwa nyuma ili lenzi ikalie ringi sawasawa. Vinyanyue kidogo kwa bisibisi ndogo bapa, vyote kwa kiasi kimoja, rudisha ringi, jaribu. Bado? Fungua tena. Ukivinyanyua kupita kiasi lenzi itaingia kwa kelele na kukwaruzika, na siku ya kuitoa utaita majirani.

Adapta nyingine hazina springi kabisa. Utaona sikio limepasuliwa kwa msumeno mwembamba likawa na midomo miwili. Hapo ingiza wembe wa karakana kwenye mpasuo, utanue taratibu. Alumini haipendi kukunjwa mara nyingi, inakatika.

Kwenye lenzi za skrubu za M42, zinazokazwa kama parafujo badala ya masikio, kama Helios zangu, hakuna cha springi. Mzunguko mmoja wa ile tepu nyeupe ya fundi bomba unatosha.

Bint_Tanga:
Kaka Kipepeo, picha kuruka unapozungusha ringi ni dalili ya kuzunguka, kwa hiyo springi peke yake haitamaliza. Mimi napiga video za harusi, nimetibu hilo kwa rangi ya kucha. Kwa Nikon, pini iko kwenye adapta na tundu liko kwenye lenzi. Paka pini, usipake lenzi ya mjomba. Upande wa kamera ni kinyume: pini iko kwenye kamera, tundu liko kwenye adapta, kwa hiyo unapaka ukuta mmoja wa tundu la adapta. Tabaka jembamba, acha ikauke kabisa, jaribu, ongeza. Ikisagika unapaka tena.

Jirani_wa_Muscat:
Mimi sina subira hiyo. Muda wa kufungua na kufunga una bei yake. Nunua adapta nzuri mara moja, ulale.

Fundi_Mitambo:
Sikatai, lakini pesa haiondoi kila kitu. A7 za kwanza za 2013 zilikuwa na plastiki kwenye masikio ya mdomo wa kamera. Chuma kilikuja na A7 II mwaka 2014. Ikiwa kucheza kuko upande wa kamera, utabadilisha adapta mpaka uchoke. Ndiyo maana kampuni ya Fotodiox iliwahi kutoa ringi ya chuma ya kubadilishia kwenye kamera.

Mzee_wa_Helios:
Na wale wanaokata kopo la soda na kuweka kipande chini ya ringi?

Fundi_Mitambo:
Hiyo ndiyo ya kuogopa, au ya kuipenda ukiielewa. Springi, rangi kwenye pini na tepu kwenye uso wa sikio unaotazama mbele havibadilishi umbali wa lenzi na sensa. Kitu chochote chini ya ringi kinaubadilisha. Lenzi zako (mfumo wa Nikon F) zinataka umbali wa milimita 46.5, kamera yako (mfumo wa Sony E) ina 18, kwa hiyo adapta inatakiwa iwe 28.5. Kopo la soda ni kama milimita 0.1. Adapta ikizidi urefu sahihi kwa hiyo 0.1, lenzi ya 50 haitaona vizuri kupita mita 25, na ya 28 itaishia karibu mita 8. Milima yote inakuwa ukungu!

Lakini adapta za bei poa kwa kawaida huchongwa fupi makusudi, ili infiniti (fokasi ya vitu vya mbali kabisa) isikosekane. Hapo kipande cha kopo kinasaidia: infiniti inarudi kwenye alama yake. Kama 28 yako ni f/2.8 ya toleo la AI-S faida ni kubwa zaidi, kwa sababu baadhi ya vioo vyake husogea kwa mwendo wake unapobadilisha umbali, na adapta fupi inavichanganya. Pima usiku: fungua tundu la mwanga la lenzi lote, piga taa za mbali, mfano ng'ambo ya maji, uone ringi inasoma ngapi zikiwa kali. Linganisha kona ya kushoto na ya kulia pia. Moja ikiwa laini, ringi imekaa upande.

Kipepeo_Mwanza:
Nimetikisa. Upande wa kamera umetulia. Upande wa lenzi unazunguka na kuyumba kidogo. Kwa hiyo springi kwanza, halafu rangi?

Bint_Tanga:
Ndiyo, springi kwanza, maana zikibana unaweza kukuta rangi haihitajiki sana. Na adapta iondoe kwenye kamera kabla hujagusa bisibisi, ufutie vumbi la alumini nje. Kamera ifunike kifuniko chake, usiiache wazi mezani.

Jirani_wa_Muscat:
Mkishindwa mnajua nilichosema 😄