Re: Walimu weusi wanaondoka mashuleni, na sisi wazazi tumekaa tu

Kutoka: Mama K., Columbus, Ohio

Hamjambo ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Mwalimu wa binti yangu wa darasa la tatu ameaga, Agosti harudi. Ndo mwalimu mweusi pekee shule nzima, Mmarekani wa hukuhuku, na ndo alokuwa ananipigia simu jioni kuniambia leo mtoto kanyoosha mkono mwenyewe, maana mwaka juzi walishataka kumpeleka darasa la watoto wenye matatizo ya kuongea wakati mtoto alikuwa anajifunza Kiingereza tu jamani. Nikamuuliza dada kulikoni, mshahara? Akanijibu mshahara mdogo ndio lakini sio huo, nimechoka kuwa mweusi wa shule. Nikakosa la kusema.

Sasa nauliza wenye kujua, kwanini wanaondoka hivi, na mzazi kama mimi nashika wapi? Halafu mdogo wangu naye anajiandaa na mtihani wa Praxis aanze kufundisha, nimtie moyo au nimwambie atafute kingine?

---

Kutoka: Mwl. J., Dallas

Mama K pole sana, huyo mwalimu amesema yote. Mimi nafundisha hesabu watoto wa darasa la saba na la nane, Kenya nilifundisha pia, wacha nikwambie vile siku inaenda. Kuna kipindi cha kujiandaa, hapo ndio nasahihisha na kupanga somo la kesho. Mlango unagongwa, ni kijana mweusi ametolewa kwa darasa la mwenzangu, ameshika karatasi yake ya zoezi, anasema wameniambia nikae kwako. Sio mwanafunzi wangu, simjui, lakini nitamrudisha wapi? Viti viwili vya nyuma niliacha kuvipanga kwa sababu lazima kuna mtu atakuja kuvikalia. Bado sijafungua daftari la kwanza ofisi inapiga, familia imetoka Congo inaandikisha watoto, mwalimu njoo utafsiri. Naenda, ni watu wetu, nitakataaje. Februari programu ya historia ya weusi, ni mimi. Kamati ya usawa, ni mimi. Malipo hakuna hata senti, halafu kwa tathmini naandikiwa maandalizi ya somo hayatoshi.

Na hii haiko kwa shule yangu peke yake. Travis Bristol, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Berkeley, aliwahoji walimu weusi wanaume Boston, wengi wakasema wanachukuliwa kama askari wa nidhamu kwanza, ualimu baadaye. Richard Ingersoll wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania amefuatilia miaka mingi kwanini walimu wasio wazungu wanaacha kazi, na kinachojirudia ni kwamba hawana sauti shuleni na hawaachiwi kuamua mambo ya darasa lao. Kwa hivyo serikali inatafuta walimu wapya kila mwaka wanaingia kwa mlango wa mbele, na wale wazoefu wanatokea wa nyuma.

Kuna historia hapa ambayo sisi tuliokuja juzi hatuijui na inafaa tuijue. Baada ya ile kesi ya Brown mwaka 1954 ya kukataza ubaguzi mashuleni, watoto weusi walipelekwa shule za wazungu lakini walimu wao hawakuchukuliwa. Majimbo 17 ya kusini na ya mpakani, mpaka 1965, walimu na wakuu wa shule weusi zaidi ya 38,000 walipoteza kazi, watu wenye digrii zao. Pengo hilo halijazibwa mpaka leo, mwaka wa masomo 2020-21 walimu weusi kwa shule za umma walikuwa kama asilimia 6 na wanafunzi weusi kama 15. Na faida yao kwa watoto imepimwa: mtoto mweusi aliyepata hata mwalimu mmoja mweusi kabla ya kumaliza darasa la tatu, uwezekano wake wa kuingia chuo unapanda kwa asilimia 13. Binti yako amebahatika Mama K, kweli.

---

Kutoka: Baba M., Louisville

Nawasalimu wote. Mwalimu nakuheshimu sana lakini naomba niseme. Mi nafanya kazi ya ghala usiku kucha, mgongo umekwisha, sina likizo ya miezi miwili kiangazi. Kila kazi ina maudhi yake, tumekuja kutafuta, mtu avumilie apate bima na pensheni. Mdogo wake Mama K afundishe tu, haya mengine atayazoea.

---

Kutoka: Dada R., Minneapolis

Kaka Baba M pole na kazi ya ghala, mume wangu yuko hukohuko naelewa. Lakini kazi ya usiku unabeba boksi unalipwa kwa boksi ulilobeba, Mwalimu analipwa kwa hesabu halafu anafanya ukalimani, nidhamu na ushauri nasaha bure, na anayepewa kazi hizo wanaangalia rangi. Kuvumilia ndo kulikomfikisha rafiki yangu mmoja hospitali na presha, mwalimu wa Kiingereza, kimya kimya kila Jumapili jioni tumbo linamuuma tukadhani ni chakula.

Mi ni msaidizi wa darasa na niko kwenye chama, mdogo wake Mama K ayashike haya mapema. Kwanza kabla ya kusaini kazi aulize shule ina walimu weusi wangapi na wana miaka mingapi pale. Kama atakuwa peke yake ajue. Ajiunge na chama cha walimu siku ya kwanza, asisubiri matatizo. Kila kazi ya ziada anayopewa aombe iandikwe kwa barua pepe na aulize analipwaje, kwa adabu tu, mkishaandika watu wanapunguza wenyewe. Shule nyingi zina huduma ya kaunsela wa bure kwa wafanyakazi, vikao kadhaa, ni siri, watu wetu hawaitumii kwa sababu tunaona ni mambo ya wendawazimu, sio, ni ya mtu aliyechoka.

Akiugua kweli, sheria ya FMLA, ile ya likizo ya ugonjwa na familia, inampa wiki 12 bila mshahara na kazi yake inabaki, ila awe amemaliza miezi 12 na saa 1,250 kazini. Akibaguliwa asikae nayo moyoni, malalamiko EEOC, tume ya serikali ya ubaguzi kazini, yana muda, siku 180, na majimbo mengi 300, ukipita umepita. Na walio kwenye J-1 wawe makini zaidi, ile visa ya walimu ni miaka 3 na nyongeza isiyozidi 2, imefungwa na mdhamini, kwa hiyo usiache kazi kwa hasira kabla hujaongea na mdhamini na mwanasheria.

Huku kwetu baada ya mgomo wa walimu wa Machi 2022 mkataba ulisema walimu kutoka makundi yenye uwakilishi mdogo walindwe wakati wa kupunguza watu, maana ilikuwa wa mwisho kuajiriwa ndo wa kwanza kutoka, na wengi wa mwisho ni weusi. Limefikishwa mpaka mahakamani, linapigwa vita, lakini lilipatikana kwa kuwa watu walisimama barabarani kwenye baridi.

---

Kutoka: Mwl. J., Dallas

Asante Dada R. Naongeza moja ya wazazi. Shule ya umma inatakiwa kukupa mkalimani bure kama Kiingereza hakipandi, ni haki chini ya sheria ya haki za kiraia ya 1964, kifungu cha sita. Ukienda kikao sema nataka mkalimani, usiseme niitieni yule mwalimu Mkenya. Ukifanya hivyo umenirudishia kipindi changu.

---

Kutoka: Mama K., Columbus

Mungu awabariki. Baba M usichoke na sisi, mwanao naye yuko shule. Nimeshaongea na wazazi wanne wa kanisani, tunaandika barua kwa bodi kabla ya kikao cha Mei, tunataja kwa jina yale mwalimu wa binti yangu aliyowafanyia watoto wetu na tunauliza nani ataajiriwa mahali pake na atalindwaje. Mwalimu ukipata nafasi nipitishie macho Kiingereza chake, lakini jioni ukishatoka kazini, sio saa ya kipindi chako.