Mjadala: Losheni ya jua kwa wenye ualbino ni dawa au kipodozi?

Mwanzisha mada: Wakuu, nimebishana na shemeji yangu wiki nzima. Yeye anasema kansa ya ngozi kwa mtu mwenye ualbino "imo kwenye damu", jeni zilishaamua, kwa hiyo kugawa losheni bure ni kumwaga hela. Bora zipelekwe kwenye upasuaji. Mimi nasema losheni ikae zahanati, rafu moja na panado na dawa mseto.

Dada yangu ana ualbino. Baba na mama ni weusi tii, na hakuna aliyejua kwamba kila mmoja amebeba nakala moja mbovu ya jeni iitwayo OCA2, ambayo hitilafu yake ndiyo chanzo kikuu cha ualbino huku kwetu. Wazazi wa hivyo, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Tanzania hukadiriwa mtu 1 kati ya 1,400 hivi ana ualbino. Ulaya ni 1 kati ya 17,000 mpaka 20,000. Hapo shemeji yuko sahihi: ualbino wenyewe ni wa jeni.

Lakini OCA2 mbovu inainyima ngozi melanini, ile rangi inayoikinga na jua, basi. Kinachofuata ni kazi ya jua, nalo linashambulia jeni nyingine kabisa. Iko TP53, mlinzi wa seli: seli ikiharibika, anaizuia isigawanyike mpaka irekebishwe, ikishindikana anaiua. Miale ikimpiga mlinzi huyu miaka na miaka, anaharibika, na seli mbovu zinazaana bila wa kuzizuia. Hitilafu ya kwanza dada kazaliwa nayo. TP53 yake alizaliwa nayo nzima. Jua lilianza kuipiga mstarini shuleni, saa nne asubuhi, mwalimu akimwamuru avue kofia kwa sababu si sare.

Mchangiaji wa 1: Pole kwa dada, mkuu. Ila tuongee hela. Kuna zahanati mjamzito anaambiwa aje na glovu zake. Utaanza na losheni? Kofia pana, mikono mirefu na kivuli vinatosha.

Mwanzisha mada: Kofia naikubali, lakini haifuniki migongo ya viganja vya anayepanga nyanya sokoni kutwa nzima. Dada alianza na gamba ncha ya sikio, ukiligusa linakwaruza kama msasa. Ukilibandua linatoka damu, wiki mbili limerudi. Likiachwa linaweza kuwa kidonda, kinachimba, mitoki ya shingo inavimba. Hapo huenda kansa imeshasambaa. Gamba hugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali, dakika chache unaenda nyumbani. Mwenye mitoki anakwenda kwenye upasuaji mkubwa, mionzi hospitali ya kansa ya Ocean Road, nauli, malazi Dar. Shemeji anayetaka hela ziende kwenye upasuaji apige hesabu hiyo.

Mchangiaji wa 2: Nafanya kazi kliniki ya ngozi. Msidhani wenye ngozi nyeusi wamesalimika. Melanoma, aina hatari ya kansa ya ngozi, kwao hutokea zaidi unyayoni na chini ya kucha, na jua si chanzo chake kikuu. Bob Marley ilimwanzia kidole gumba cha mguu, ikagunduliwa 1977. Alifariki 1981 ana miaka 36. Hao losheni haiwaokoi, wakague nyayo zao. Mwenye ualbino ni kesi tofauti, kwake jua ndilo adui, na losheni inamsaidia kweli. Isitoshe, inatengenezwa hapa hapa Moshi, hospitali ya KCMC, kwa ajili yao. Kazi ni kuifikisha vijijini, na mtu aipake tena kila baada ya saa mbili anapokuwa juani.

Mchangiaji wa 1: Kama inatengenezwa Moshi, nalegeza. Ila apewe mwenye ualbino kwa kadi yake ya kliniki, kama mgonjwa wa kifua kikuu anavyopewa dawa zake. Isigeuke mafuta ya kila mtu.

Mwanzisha mada: Hilo hilo ndilo ninaloliomba, ndugu yangu. Dada keshagandishwa mara tatu, sikio bado analo. Sasa wenye watoto shuleni mniambie: huko kwenu mtoto mwenye ualbino anaruhusiwa kusimama mstarini na kofia yake?