Tupeane uzoefu: namna ya kusoma majibu ya waziri wa sheria wa Ireland kuhusu polisi na mpaka wa kaskazini

Wadau, hasa mlioko Dublin, Dundalk, Newry na Belfast, salaam.

Nimeanzisha uzi huu tukusanye ujuzi wa wanaofuatilia maswali ya wabunge kwa waziri wa sheria wa Ireland. Polisi wa kule, An Garda Síochána, wako chini ya wizara yake, si chini ya wizara tofauti ya mambo ya ndani kama tulivyozoea kwetu. Kwa hiyo kila kinachohusu usalama wa mpakani humwangukia yeye: magari ya wizi, watuhumiwa waliovuka, ukaguzi kwenye mabasi. Mpaka wenyewe, kati ya Ireland na Ireland ya Kaskazini iliyo sehemu ya Uingereza, ni kilomita 500 hivi, na mwaka 2018 pande mbili zilikubaliana ramani yenye vivuko 208. Hakuna geti wala dirisha la kugongewa pasipoti. Unajua umevuka pale vibao vya mwendo vinapoacha kilomita na kuanza maili, na mstari wa pembeni ya barabara unapoacha kuwa wa manjano ukawa mweupe.

Ombi moja: leteni kitu ambacho mtu anaweza kukitumia. Utaratibu, sheria, mahali pa kuangalia, na pale watu wanapokosea. Visa vya mtu binafsi tuviache kwenye nyuzi nyingine. Karibuni.

Mdau, Dublin

Naanza na aina za maswali, maana watu husikia "waziri kajibu" bila kujua kajibu swali gani. Dáil, yaani bunge la chini, lina maswali ya mdomo na ya maandishi. La mdomo hupewa dakika sita na nusu: mbunge ana sekunde 30 za kuliwasilisha, waziri dakika mbili, kisha kila mmoja hupata dakika moja moja, mara mbili. Zile dakika mbili za kwanza waziri husoma karatasi iliyoandaliwa na maofisa wake. Mambo mapya hutoka mwishoni, mbunge anapombana na karatasi imeshakwisha. Ukisoma taarifa rasmi za kikao usiishie aya ya kwanza.

Mawaziri hujibu kwa mdomo kwa zamu, kwa hiyo si kila wiki utamkuta huyu wa sheria. Swali la maandishi halisubiri zamu, na majedwali ya takwimu mara nyingi yako huko. Kila swali lina namba ya kumbukumbu kwenye mabano ya mraba: tarakimu, mkwaju (/), mwaka. Ihifadhi, ndiyo itakayokurudisha kwenye jibu miaka miwili baadaye. Ukikuta waziri ameandika kwamba ameomba taarifa kwa polisi na atamwandikia mbunge moja kwa moja, usifunge ukurasa ukadhani amekwepa. Jibu huja baadaye kama jibu lililoahirishwa, likitaja Kanuni ya 51. Rudi kulitafuta.

Wewe mwenyewe huwezi kuuliza, ila unaweza kumwandikia mbunge wa eneo lako, hata kama si raia. Mpe swali lililokwisha kukatwa vizuri: wilaya gani ya kipolisi, kuanzia lini hadi lini, takwimu zigawanywe kwa mwezi au kwa kosa. "Serikali inafanya nini kuhusu uhalifu mpakani?" italeta aya nne za sifa za ushirikiano na hakuna namba hata moja.

Mdau, Monaghan

Niongezee kwenye hizo sifa. Kuna sentensi karibu kila jibu linaanza nayo: utendaji wa polisi ni jukumu la Kamishna wa Garda, waziri hana nafasi humo. Hiyo ni sheria, si ujanja. Waziri hawezi kuagiza doria ipite barabara fulani. Anachoweza kujibia ni bajeti, sera, miswada na mikataba na upande wa pili. Uliza hayo.

Malalamiko dhidi ya askari nayo hayaendi kwake. Sheria mpya ya polisi ya mwaka 2024 ilianza kufanya kazi tarehe 2 Aprili 2025, na malalamiko sasa yanakwenda Fiosrú, ofisi iliyochukua nafasi ya GSOC, tume ya zamani ya malalamiko dhidi ya Garda.

Na idadi ya askari: majedwali hutolewa kwa divisheni nzima. Kaunti zinazogusa mpaka ni tano, Donegal, Leitrim, Cavan, Monaghan na Louth, na askari anayehesabiwa Donegal anaweza kuwa kilomita nyingi kutoka kivuko chochote. Kabla ya kulinganisha mwaka na mwaka, soma maelezo chini ya jedwali uone walio likizo ndefu wamehesabiwa au la, na mipaka ya divisheni haikubadilishwa katikati.

Mdau, Belfast (sheria)

Nitakaa kidogo hapa, mniwie radhi, kwa sababu ndipo wengi wanapochanganya mambo.

"Ushirikiano" kwenye majibu ya waziri unabeba vitu vitatu tofauti. Cha kwanza ni taarifa kati ya polisi na polisi. Garda na PSNI, polisi wa Ireland ya Kaskazini, hupeana taarifa kila siku kwa simu na vikao, na hilo halihitaji mahakama. Cha pili ni ushahidi. Taarifa ya simu haiwezi kusimama mahakamani. Ukitaka maelezo ya benki au maelezo ya shahidi yaliyochukuliwa upande wa pili kwa njia inayokubalika, unapita kwenye maombi rasmi ya kusaidiana kisheria, ambayo kwa Ireland yako chini ya sheria ya mwaka 2008. Kesi nyingi zinachelewa hapa, si kwenye doria. Njia ya kupunguza mzunguko huo ni timu ya pamoja ya upelelezi: wakishasaini makubaliano, wanachama wake wanapeana ushahidi bila kuandika ombi jipya kila mara.

Cha tatu ni mtu mwenyewe. Tangu Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya, hati ya kukamatwa ya Ulaya haitumiki kati ya Dublin na Belfast. Badala yake kuna utaratibu wa kukabidhiana watuhumiwa uliomo kwenye mkataba wa biashara na ushirikiano kati ya Uingereza na Umoja huo. Washtakiwa walipinga kwamba Ireland haifungwi na utaratibu huo, na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua Novemba 2021 kwamba inafungwa. Kwa Ireland hati hizi zote husikilizwa Mahakama Kuu, Dublin, hata mtu akikamatwa Donegal.

Sasa la kufukuza gari. Swali hili hurudi bungeni mara kwa mara, na jibu halijabadilika. Gari likikimbia kutoka Dundalk kuelekea Newry, askari wa Garda lazima aishie mpakani. Anaita chumba chake cha mawasiliano, chumba hicho kinawaita PSNI, na kila sekunde ni faida ya anayekimbia. Ibara ya 41 ya mkataba wa Schengen, ule wa nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi mipakani, inaruhusu askari kuendelea kufukuza hadi nchi jirani, lakini si Ireland wala Uingereza iliyoingia kwenye kipengele hicho. Kati ya 2018 na 2019 magenge yaliitumia hali hii vilivyo: mtambo wa kuchimba unaibwa, unang'oa mashine ya fedha ukutani usiku, na dakika chache baadaye fedha ziko nchi nyingine. Mwaka 2019 Garda waliweka kikosi cha silaha mjini Cavan. Ni hatua nzuri, ila haigusi tatizo la kisheria, na mbunge makini angeuliza hilo la sheria.

Kuhusu kesi kusikilizwa wapi: sheria ya Ireland ya mwaka 1976 inaruhusu baadhi ya makosa makubwa yaliyotendwa Ireland ya Kaskazini yashtakiwe Dublin. Na kosa linaloanzia huku likaishia kule lina ncha mbili. Septemba 2019 mkurugenzi wa kampuni alitekwa Fermanagh, akateswa kwenye tela la kubebea farasi upande wa Cavan, akaachwa barabarani. Mashtaka yalifanyika Dublin, mshukiwa mkuu alifia Derbyshire, Uingereza, wakati wa upekuzi. Polisi wa maeneo matatu kwa jalada moja.

Mdau, Dundalk

Mkuu hapo juu, vipi ile hifadhidata ya Ulaya ya watu na magari yanayotafutwa?

Mdau, Belfast (sheria)

Ireland iliunganishwa na mfumo huo, SIS, tarehe 15 Machi 2021. Uingereza ilikatwa mwisho wa Desemba 2020. Yaani mmoja aliingia miezi miwili na nusu baada ya mwenzake kutoka, hawakuwahi kuwa humo pamoja. Gari lililoibwa Ufaransa askari wa Louth ataliona kwenye skrini. Wa Newry atategemea Interpol au apigiwe simu. Waziri akisema Ireland sasa imeunganishwa na SIS anasema kweli, ila kwa mpaka huu mahususi faida ni ya upande mmoja.

Mdau, Louth

Magendo ya mafuta: hapa watu wanauliza waziri asiye wake. Dizeli ya kilimo hutozwa kodi ndogo na hutiwa rangi, kijani upande wa Ireland, nyekundu upande wa kaskazini. Wahalifu huiondoa rangi kwa kemikali na kuiuza kama dizeli ya kawaida, na tope linalobaki hutupwa kando ya barabara usiku. Aprili 2015 mamlaka za kodi za pande mbili zilianza kutumia alama moja mpya ndani ya mafuta, ngumu zaidi kuondoa.

Mamlaka ya kodi iko chini ya waziri wa fedha. Gharama za kusafisha tope ni za mazingira na halmashauri. Ukimpelekea waziri wa sheria, atakuelekeza huko, na wiki zako zimepotea. Kinachomhusu yeye ni Kikosi Kazi cha Pamoja kilichotokana na makubaliano ya Novemba 2015: Garda, PSNI, na mamlaka za kodi na forodha za pande zote mbili, pamoja na wengine kadiri ya kazi. Uliza vipaumbele vya sasa ni vipi na taarifa ya mwisho kwa mawaziri ilitolewa lini.

Mdau, Newry

Msisahau kuna waziri wa sheria wa pili, wa Stormont, yaani serikali ya Ireland ya Kaskazini iliyoko Belfast, tangu madaraka yalipohamishwa Aprili 2010. Idadi ya askari wa PSNI haitapatikana Dáil. Nenda Bunge la Belfast au Bodi ya Polisi ya Ireland ya Kaskazini, ambayo ndiyo inayowahoji wakuu wa PSNI hadharani. Na Stormont iliposimama, 2017 hadi Januari 2020 na tena 2022 hadi Februari 2024, kulikuwa na vipindi ambavyo Dublin haikuwa na waziri mwenzake wa kukaa naye. Ukisoma majibu ya miaka hiyo, liangalie hilo kabla ya kulaumu upande mmoja. Uhamiaji nao si wa Stormont kabisa, ni wa London.

Mdau, Dublin (uhamiaji)

Ndugu zangu Wakenya na Watanzania, hili linawagusa moja kwa moja. Eneo la usafiri huru kati ya Ireland na Uingereza ni haki ya raia wa nchi hizo mbili. Kadi ya ukaazi ya Ireland, IRP, haikupi ruhusa ya kwenda Belfast. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Uingereza hata kwa safari ya saa mbili ya treni, na mwenye viza ya Uingereza anahitaji ya Ireland akishuka kusini. Ule mpango wa viza moja kwa nchi zote mbili ni wa raia wa China na India tu. Kutokuwepo kwa geti hakumaanishi kuna ruhusa.

Garda wa uhamiaji hukagua mabasi na treni karibu na mpaka, operesheni inayotajwa kwenye majibu kwa jina la Sonnet. Tembea na pasipoti na kadi yako halisi, si picha kwenye simu.

Kuhusu takwimu: Aprili 2024 waziri wa wakati huo, Helen McEntee, alisema zaidi ya 80% ya waomba hifadhi wanaingia kupitia kaskazini. Hakuna mtu aliyesimama mpakani akahesabu. Ni makadirio yaliyojengwa juu ya ukweli kwamba wengi huomba kwanza ofisini Dublin, si uwanja wa ndege au bandarini. Aliyeingia kwa ndege na viza halali akaomba baada ya mwezi naye hujitokeza ofisini. Namba kama hii ukiinukuu, nukuu na msingi wake, dada na kaka, kwa sababu inawagusa watu walio hai.

Mdau, Arusha

Kwa kulinganisha tu. Namanga, kituo cha pamoja kilichozinduliwa Desemba 2018, ofisa wa Kenya anafanya kazi akiwa ardhi ya Tanzania na wa kwetu akiwa ardhi ya Kenya, ndani ya eneo la udhibiti lililowekwa na sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016. Unakaguliwa na nchi zote mbili upande unaoingilia. Nje ya eneo hilo ofisa mgeni hana mamlaka. Naomba mwanasheria wa Belfast atujibu: kuna pendekezo lolote la kuwapa Garda na PSNI ukanda wa aina hiyo, hata wa kilomita chache?

Mdau, Belfast (sheria)

Kituo hakitawezekana. Pande zote zimeshikilia kwamba pasiwe na majengo ya ukaguzi mpakani, na historia ya kule inaeleza kwa nini. Ukanda wa kufukuza bila majengo ni jambo jingine, lakini ungehitaji mkataba, na sheria kwenye mabunge ya pande mbili. Humo lazima yajibiwe matatu: askari aliyevuka anabeba silaha kwa sheria ya nani, nani anapokea malalamiko akimjeruhi mtu, Fiosrú au Ombudsman wa Belfast, na aliyekamatwa anapelekwa kituo cha upande gani. Mwenye mbunge anayesikiliza, ampe hayo matatu kama maswali matatu tofauti ya maandishi.