phpBB yetu inazidiwa: tununue VPS, tuhamie Discourse, au tatizo liko kwingine?

kasuku_bluu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kuna jukwaa la mafundi wa redio na simu linaloendeshwa na watu wanne wa kujitolea, hakuna anayelipwa. Ni phpBB 3.3 (programu ya kuendesha majukwaa) kwenye hostingi ya pamoja (seva moja, tovuti nyingi). Hifadhidata ni GB 1.8, viambatisho (picha za saketi na michoro ya PDF) GB 14. Usiku wanachama walioingia ni kumi na kitu, lakini chini ya ukurasa wa mbele panaandikwa wageni 900 mpaka 1,500. Mwenye hostingi anasema tunamaliza CPU na ametupa onyo la kufungiwa. Juu ya hayo, barua pepe za kuthibitisha usajili haziwafikii watu wa Gmail.

Maswali: VPS (seva pepe ya kwetu wenyewe) ya ukubwa gani inatosha? Tuhamie Discourse (programu nyingine ya majukwaa)? Na hao wageni tuwafanyeje? Pesa ni za michango, zisizidi dola 12 kwa mwezi.

---

fundi_seva

Mkuu, usinunue seva kabla hujajua hao wageni ni akina nani. Wageni 1,500 dhidi ya wanachama kumi na kitu, hao si watu. Ni roboti za kuzoa kurasa. Pakua logi (kumbukumbu ya maombi) ya siku moja, hesabu maombi kwa kila faili la PHP, kisha kwa kila jina la kivinjari. Nakuhakikishia utakuta `search.php`, `memberlist.php` na `viewtopic.php` yenye `sid=` mwishoni ndizo zinazokula.

Hiyo `sid` (namba ya kikao) ndiyo kiini. phpBB ikipata mgeni asiyerudisha kuki (kumbukumbu ndogo ambayo kivinjari huhifadhi), humpa kikao kipya na kukibandika kwenye kila kiungo cha ukurasa. Roboti inaona anwani mpya, inaifuata, inapewa `sid` nyingine, na uzi uleule unasomwa mara mia. Kwa hiyo fanya hivi hata leo, kabla ya kuhama:

Kwanza, kwenye paneli ya msimamizi, sehemu ya roboti, ongeza majina yasiyokuwemo: GPTBot, ClaudeBot, Bytespider, Amazonbot na mengine utakayoyaona kwenye logi. Roboti iliyotambuliwa haipewi `sid`. Pili, ondoa ruhusa ya kutafuta na ya kuona orodha ya wanachama kwa kundi la wageni na kundi la roboti. Tatu, wageni wasipakue viambatisho. Waone maandishi tu. `robots.txt` (faili la maagizo kwa roboti) iandike, lakini inawazuia wastaarabu peke yao.

Mkishahamia VPS yenye nginx (programu ya seva ya wavuti), wekeni kikomo cha kasi. Hapa ndipo wengi wanaponakili mfano wa mtandaoni na kuwafungia watu wao. Kwa Tanzania na Kenya, simu nyingi za mtandao mmoja hutoka nje kwa anwani moja ya IP. Ukiweka ombi moja kwa sekunde kwa kila IP, umewabana mafundi wote walioko Kariakoo kwa pamoja. Kikomo kiwe kwa wasioingia tu:

```
map $http_cookie $kikomo {
    default        $binary_remote_addr;
    "~_u=([2-9]|\d\d)"   "";
}
limit_req_zone $kikomo zone=wageni:10m rate=1r/s;
```

Kisha ndani ya `location` ya PHP: `limit_req zone=wageni burst=15 nodelay;`. Mantiki yake: kuki ya phpBB inayoishia na `_u` hubeba namba ya mtumiaji, na mgeni siku zote ni namba 1. Mwenye namba nyingine anapata ufunguo mtupu, na nginx haihesabu ufunguo mtupu. Ndiyo, kuki inaweza kughushiwa, ila roboti hizi hazijisumbui kiasi hicho.

Ukubwa wa seva: RAM GB 2, diski GB 40 au zaidi. Kwenye MariaDB (programu ya hifadhidata) panua `innodb_buffer_pool_size` iwe MB 512, maana ya kawaida ni MB 128 tu. PHP-FPM (inayoendesha PHP), kila mchakato ukadirie MB 50, basi `pm.max_children` isizidi 15. Ukiweka 50 kwa kudhani nyingi ndiyo kasi, siku ya msongamano RAM itaisha na kernel (kiini cha mfumo) itaiua MariaDB kwanza, kwa kuwa ndiyo nene kuliko zote.

---

mwanakombo

Naongezea la hifadhidata. GB 1.8 yote si mazungumzo ya watu. Angalia ukubwa wa `phpbb_search_wordmatch`. Kama mnatumia utafutaji wa asili wa phpBB, mara nyingi jedwali hilo linazidi lile la machapisho yenyewe. Hamieni fahirisi ya utafutaji ya MySQL: futa ya zamani, unda mpya, fanya usiku. Kwa kawaida InnoDB haihifadhi maneno yaliyo chini ya herufi tatu, kwa hiyo "ya", "wa" na "na" yanatoka yenyewe.

Nakala rudufu: `mysqldump --single-transaction` (hifadhidata) kwanza, halafu ndiyo `rsync` (kunakili) ya kabrasha la `files`. Msigeuze mpangilio. Viambatisho vya phpBB huhifadhiwa kwa jina la mchanganyiko wa herufi bila kiendelezi, na jina halisi liko kwenye `phpbb_attachments`. Ukinakili mafaili kwanza, picha itakayopandishwa katikati itakuwa na safu kwenye jedwali na haina faili. Ukianza na hifadhidata, litabaki labda faili moja lisilo na mwenyewe, na hilo halimuumizi mtu. Msisahau `config.php` na `images/avatars/upload`. Nakala moja ikae nje ya kampuni inayowahosti, na kila baada ya miezi mitatu irejesheni kwenye kompyuta ya pembeni mfungue nyuzi chache zenye picha. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa msiihesabu.

Siku ya kuhama: punguza TTL ya DNS (muda ambao anwani ya domeni hukumbukwa) iwe sekunde 300 siku moja kabla, zima bodi (jukwaa lenyewe), toa nakala, rejesha upande mpya, futa yaliyomo kwenye `cache/production`, jaribu, ndipo ubadilishe DNS. Bodi ya zamani iache imezimwa hivyohivyo, la sivyo kuna watakaoendelea kuandika huko na maandishi yao yatapotea.

---

kaka_posta

Barua pepe: hostingi ya pamoja ina maana mnashiriki IP na watuma taka. Na mkienda VPS msijaribu kutuma wenyewe, kampuni nyingi zimefunga mlango wa 25 (wa kutumia barua). Chukueni huduma ya kutuma kwa SMTP, mlango wa 587; kwa idadi yenu hata ya bure inaweza kutosha. Wekeni rekodi za DNS za kuthibitisha mtumaji: SPF (rekodi moja tu, mbili zinabatilishana), DKIM, na DMARC ya `p=none` kwa kuanzia. Tangu Februari 2024 Gmail inadai angalau SPF au DKIM kwa kila mtumaji, na zote tatu kwa anayetuma zaidi ya 5,000 kwa siku. Foleni ya barua iko ndani ya kabrasha la `cache`, kwa hiyo ukilifuta kwa mkono zilizokuwa zinasubiri zimekwenda.

---

kasuku_bluu

Nawashukuru. Logi nimeitazama: `search.php` ndiyo inaongoza, na karibu yote ni roboti. Ruhusa nimeziondoa. Na Discourse?

---

fundi_seva

Kaa ulipo. Discourse ni nzuri, viwango vyake vya uaminifu (0 hadi 4) vinapunguza kazi ya usimamizi sana. Lakini inataka Docker (mfumo wa kuendesha programu kwenye makontena), RAM GB 2 kiukweli, nafasi ya diski ya kutosha kila PostgreSQL (hifadhidata yake) inapopanda toleo, na bila SMTP inayofanya kazi barua za kuthibitisha akaunti hazitoki. Na kwenye simu kuukuu ya Android ni nzito, phpBB inafunguka. Hadhira yako ni mafundi wenye simu za aina gani?

---

mzee_wa_kanuni

Hamjagusa funguo, na majukwaa ya kujitolea hufia hapo. Domeni imesajiliwa kwa jina la nani? Kama ni mmoja wa hao wanne, kwa barua pepe yake binafsi, rekebisheni mwezi huu. Na barua pepe ya akaunti ya msajili isiwe ya domeni hiyohiyo: ikiisha muda, barua ya kukukumbusha haitafika. Lipieni miaka miwili au mitatu kwa mkupuo. Watu wawili wawe na nywila na namba za akiba za uthibitisho wa hatua mbili.

Malipo: VPS nyingi hutaka kadi, michango yenu iko M-Pesa. Kadi ikikosa salio, seva husimamishwa, kisha hufutwa pamoja na nakala zilizo humo. Wekeni salio la miezi mitatu mbele kama kampuni inaruhusu kulipa kabla.

Cheti cha HTTPS cha Let's Encrypt ni cha siku 90 na hujihuisha chenyewe, mpaka mtu afunge mlango wa 80 kwenye ukuta wa moto.

Kwa Tanzania, someni Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 na muulize TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kwa maandishi kama jukwaa lenu linahitaji leseni. JamiiForums yenyewe ilizimika kwa muda Juni 2018 kwa sababu ya kanuni zilizotangulia hizi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inawahusu: mnahifadhi barua pepe na IP za watu.

---

mwanakombo

Taka: kundi la waliojisajili karibuni, machapisho yao matatu ya kwanza yapitiwe, wasitume ujumbe wa faragha wala kuweka saini. Pia wekeni ukomo wa muda wa kuhariri, tuseme dakika 60. Wajanja huandika jambo la maana, wakishapitishwa wanarudi baada ya wiki kuchomeka kiungo cha kamari.

Swali la usajili liwe la fani na mlibadilishe mara kwa mara. Methali zote sasa roboti zinazimalizia. Waulizeni rangi za mistari kwenye rezista ya ohm 470 yenye mistari minne, ukiacha wa mwisho, na mkubali "njano zambarau kahawia" kwa namna zote za kuandika, zikiwemo za kifupi na zenye koma.